Alama za Jumatatu

Watu wakipanda ngazi mpaka dukani kwangu, swali la kwanza huwa ni lile lile. "Hii ni i5 ama i7?" Hawaulizi mashine ina umri gani wala ilifanya kazi gani huko ilikotoka. Wanataka namba iliyo kwenye kibandiko, pale mtu anapolaza kiganja. Nami, ambaye kazi hii imenipinda mgongo, hushusha pumzi kwanza. I7 ya zamani hupitwa na i3 iliyotoka juzi, na mzee aliyekuwa bingwa wa mbio za shule hupitwa na mjukuu wake wakienda mtoni. Kibandiko hakikimbii. Lakini ukimwambia mteja hivyo, anadhani unamficha ile nzuri.

Duka langu liko orofani mjini Nyeri, juu ya mtu anayeuza mbegu na dawa za ng'ombe. Laptopu ninazouza ni kuukuu, zilizotumika maofisini ng'ambo. Zinakuja zikiwa zimefutwa kila kitu, ila nyingine bado zina herufi zilizosuguliwa na vidole vya mtu nisiyemjua. Walimu wa Kiswahili huziita vipakatalishi. Sijawahi kumsikia mteja akiomba kipakatalishi, na siku nitakayomsikia nitamnunulia chai.

Kila mashine ikifika naiweka juu ya ubao wangu wa kazi, naichomeka kwenye umeme, kwa sababu mashine inayokula betri hujibania nguvu, kisha naiwashia programu ya kupima. Programu hiyo huipa prosesa, ule ubongo wa mashine, hesabu nzito zisizo na faida kwa mtu yeyote, tena na tena, halafu hutoa alama. Nimejifunza kutoiamini alama ya kwanza. Raundi ya kwanza ni majigambo. Prosesa ikiwa baridi hukimbia kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Ikishapata joto ndipo unapojua umeletewa nini. Na joto likizidi, hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Wateja huita hiyo uvivu. Mimi huwaambia si uvivu, inajilinda, nao hunitazama kama mzazi anayemtetea mtoto mwizi.

Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na ndiyo iliyonichosha kabisa mwaka jana, dada yangu mdogo alipoanza kushindwa kila Jumatatu.

Dada huyu alikuwa ameajiriwa ofisini Nairobi kwa miaka mingi. Mama alipopata kiharusi kilichomlegeza mkono na mguu wa kushoto, ikabidi mtu arudi nyumbani Tetu. Tukafanya kikao cha familia. Dada yetu mkubwa ameolewa Gakindu, ana kahawa, mume mwenye presha, na wajukuu wanaoachwa kwake kama vifurushi. Mimi nina duka. Tulikaa tukitaja kila mtu alicho nacho, mpaka macho yote yakamwangukia yule asiye na mume wala duka. Aliacha kazi akaja. Kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha, hakuna pia aliyemshukuru vya kutosha.

Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hiyo tangu dada yangu azaliwe mama humwita maitu, yaani mama yangu. Tulipokuwa wadogo tuliona ni kichekesho, mtu mzima kumwita mtoto mchafu mama. Siku hizi mama akilishwa uji na kufungwa vifungo vya sweta husema, "Maitu, inatosha," na hakuna anayecheka.

Ili apate riziki akiwa pale pale nyumbani, dada alitafuta kazi ya mtandaoni. Anasikiliza rekodi za watu wakizungumza na kuandika walichosema. Kampuni yenyewe iko mbali, hajawahi kuona uso wa mtu wake hata mmoja. Programu yao ni nzito, na kila Jumatatu, kabla ya kufungua kazi ya wiki, huipima mashine ya mfanyakazi kwa muda mrefu. Ukifika alama yao unapewa kazi. Usipofika unaruhusiwa kujaribu tena mpaka saa sita mchana, baada ya hapo wiki hiyo unakaa tu. Ukishindwa Jumatatu nyingi mno, wanakutoa kabisa.

Nilijua vizuri maana yake. Akitolewa angerudi Nairobi, maana hakuna mtu wa makamo yake anayeweza kuishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Akirudi Nairobi, mama angekuwa wangu. Nyumba yangu mjini ina ngazi ambazo hata mimi zinanitoa jasho, na mama amesema mbele ya mchungaji kwamba hatoki Tetu ila akiwa amebebwa. Mke wangu ni mwalimu Endarasha na hukaa huko katikati ya wiki. Watoto wameenda zao. Tungebaki mimi, mama na ng'ombe. Sitaki kujipamba hapa: niliipigania ile mashine kwa ajili yangu mwenyewe.

Jumatatu ya kwanza alinipigia simu nikiwa natia koleo kwenye bawaba ya laptopu ya mtu.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa nini?"

"Imesema iko slow. Na ni wewe ulinipea hii mashine, fundi."

Huniita fundi anapotaka kuniudhi. Nikamwambia ailete. Akamwachia jirani mama, akaja kesho yake akiwa na matope mpaka kwenye pindo la sketi, akakaa kwenye kiti cha wateja akasinzia huku mimi napima. Mashine ikakimbia vizuri. Raundi ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, nikaiacha ikahangaika huku tukila chapati, na bado ilikuwa juu ya alama ya kampuni yake bila wasiwasi. Hata hivyo niliifungua. Nikapuliza vumbi la feni, nikapangusa ule uji mkavu ulio kati ya prosesa na chuma cha kupoza, nikapaka mpya. Alama ikapanda zaidi. Nikamwamsha.

"Haina shida. Labda ulikuwa na mambo mengi yamefunguka."

"Sikuwa na kitu imefunguka."

"Basi ni umeme wa huko kwenu."

Aliitia mashine mfukoni akaondoka. Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini tangu arudi Tetu alikuwa ameyapunguza.

Jumatatu iliyofuata, mashine ikashindwa tena. Nikampelekea nyingine kwa kijana wa pikipiki, ya kizazi cha karibu zaidi, niliyokuwa nimeificha chini ya kaunta kwa mteja mmoja polisi aliyetaka kumpelekea binti yake chuoni. Nilikuwa nimeipima mwenyewe. Ikashindwa. Hapo nikaanza kukosa raha. Nilizipanga laptopu zangu zote ubaoni, tano kwa safari moja, zikanguruma kama posho mill ikisaga mahindi, nikawa nalinganisha alama za hii na ile. Mteja akiingia namwambia angoje. Nilitazama namba mpaka zikaanza kunijia hata kanisani. Hatimaye nikachagua moja nene, nzito, iliyotumiwa na mtu wa kuchora ramani za majumba, prosesa yake bado ina nguvu za kuaibisha mashine mpya. Nikamwambia dada, "Hii ikishindwa, mimi naacha kazi nauza mboga."

Ilishindwa vibaya kuliko zote.

"Angalau hii inanipasha mikono," akasema kwenye simu. Sauti yake haikuwa na hasira yoyote, nami ndiye niliyekuwa na hasira ya watu wawili.

"Wewe unaweka wapi hizo mashine? Unaweka jikoni kwa moshi?"

"Naweka kwa meza. Kwani ulitaka niweke kwa ng'ombe?"

"Kuna kitu unafanya."

"Mimi nafanya vitu mingi," akajibu. "Naamka, nakama ng'ombe, namwosha mama, napika, nakata nyasi, halafu nakaa kuandika maneno ya watu siwajui. Kuja uone hiyo kitu nafanya."

Akakata simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimeutazama wake kutoka orofani kwa muda mrefu nikiuona mwepesi. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Niliwaza tu kwamba nimebakiwa na Jumatatu moja, kwa sababu kampuni ilikuwa imemwandikia kwamba akishindwa mara nyingine ndiyo basi.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo sikufungua duka. Nilifika Tetu asubuhi na mapema, mfuko wa vifaa begani. Ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ambayo jua huchungulia saa nane mchana likaona afadhali lirudi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai. Dada alikuwa amekwisha kujaribu mara ya kwanza akashindwa. Alinionyesha mashine kwa kidevu, akachukua panga na gunia, akaenda kukata nyasi za ng'ombe.

"Mpaka saa sita," akasema mlangoni. "Halafu waniache."

Sebule ya mama haijabadilika tangu nikiwa shule. Kila kitu kimevikwa kitambaa cha kufuma. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi, redio ina chake, televisheni ina chake chenye pindo la maua, na hata birika la chai lina kofia. Kwetu nyumba yenye meza tupu huhesabiwa nyumba ya mlevi. Juu ya meza, chini ya laptopu, palikuwa na kitambaa ambacho mama alikifuma baada ya kuugua. Muuguzi alikuwa amemwambia mkono usikae bure, basi akaufundisha upya. Alitumia uzi wa sweta, mnene, na kwa kuwa alisikia meza ina baridi na binti yake anashinda amelaza mikono pale, akakitia tabaka la pili kutoka sweta ya shule ya mmoja wetu. Kingo zake zimepinda, na rangi ya kijani inaishia katikati kwa sababu uzi uliisha. Ndicho kitu cha kwanza alichoweza kumaliza. Dada alipokionyesha watu wa kanisani, akina mama waliimba.

Nilikaa pale, nikawasha programu yangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sweta mbili na kofia, sindano na uzi mapajani. Yeye huongea Kikuyu tu, hapa namtafsiri.

"Umekuja kumtibu mgonjwa," akasema.

"Nimekuja, mama."

"Anaumwa nini?"

"Ndiyo natafuta."

Raundi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ikashuka kidogo. Ya tatu ikaanguka, na ya nne ikawa aibu tupu. Nikabadilisha soketi. Nikazima intaneti. Nikafunga kila kilichofunguka. Programu yangu huonyesha pia joto la prosesa, na namba niliyoiona ilikuwa ya jikoni, si ya sebule. Nikatazama nje, ukungu. Nikamtazama mama, kofia. Pumzi yangu mwenyewe ilikuwa inaonekana. Basi mimi, fundi mkubwa, nikaamua kwamba kihisi cha joto kimekufa. Nani atashuku joto Tetu mwezi wa saba? Nikaanza kuwaza jinsi ya kukibadilisha, huku saa ya ukutani, nayo ina kitambaa chake, ikisogea kuelekea mchana.

Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka dukani. Nilitaka mtu aje aniambie si kosa langu, nirudi mjini.

Mama akaniambia ninywe chai. Nikasema baadaye. Akasema tena. Mama hawezi kumwona mtu amekaa mezani kwake bila kikombe, hata angekuwa amekuja kukamata mtu. Akaanza kujiinua ili aniletee mwenyewe, na mimi kwa kuogopa asianguke nikaruka.

"Ondoa hicho kitu kwanza," akasema. "Mtu hali juu ya kazi."

Nikaiinua laptopu ikiwa bado inahangaika na hesabu zake, nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya saruji. Nikaleta chai na nduma. Nikamkatia mama vipande vidogo, akala polepole, nami nikala. Nilipomaliza nikaenda kuitazama mashine, bila tumaini lolote, kama mtu anavyotazama mtego uliokaa siku nyingi bila kitu.

Alama ilikuwa imepanda. Raundi iliyofuata ikapanda tena. Joto lilikuwa limeshuka hadi pale linapostahili kuwa.

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Kisha nikarudi mezani nikaweka kiganja juu ya kitambaa cha mama. Kilikuwa na joto kama kiota cha kuku anayeatamia. Matundu ya hewa ya laptopu yako chini ya tumbo lake, na laptopu zote nilizompa zilikuwa zimelazwa juu ya kile kitambaa chenye tabaka mbili za sufu, zikizibwa pumzi. Dukani nilizipima bila kitambaa, juu ya ubao mkavu, nikazisifu. Nimekulia kwenye nyumba hii. Nilikuwa nimekaa mbele ya kile kitambaa asubuhi nzima nisikione, kama ambavyo mtu haoni pua yake. Lile dubwana la mchora ramani lilishindwa zaidi kwa sababu lilikuwa na nguvu zaidi, na kwa hiyo joto zaidi.

Nikacheka peke yangu. Mama akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia mgonjwa amepona. Akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye sindano yake. Nikakikunja kile kitambaa, nikakiweka juu ya kochi, nikatoka mbio kama mtoto.

Dada alikuwa kwenye boma la ng'ombe, anakatakata nyasi. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja, kitambaa, matundu, saruji, joto. Nilimwambia saa sita bado, twende tuwashe kile kipimo chao juu ya meza tupu, itapita, na itapita kila Jumatatu mpaka achoke yeye.

Aliacha kukata. Akageuza ndoo akaikalia. Nilingoja afurahi.

"Una uhakika?" akauliza.

"Nimeona na macho yangu."

Akafuta panga kwenye gunia, upande huu, upande ule. Kisha nikaona anatoa machozi, bila sauti, bila hata kukunja uso, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Nilidhani ni ya furaha, nikaanza kumtania. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Wacha nikwambie," akasema. "Mara ya kwanza ikikataa niliogopa. Mara ya pili nikalala usingizi. Sijalala hivyo tangu nikuje hapa. Nikasema, hata Mungu ameona. Ile ofisi ya zamani wamenipigia, wanataka mtu. Nilikuwa nimewaambia wangoje nione Jumatatu ya leo."

"Si ungesema umechoka?"

"Niseme kwa nani? Nimwambie mama nimechoka na yeye? Kila asubuhi ananiita maitu. Niwaambie nyinyi? Mngefanya kikao." Alifuta uso kwa kiwiko. "Lakini mashine ikikataa, ni mashine. Kazi imeisha, mtu anaenda kutafuta ingine. Hapo kila mtu anaelewa. Hata wewe ungeelewa."

Nilikasirika. Nilikuwa nimebeba mashine juu na chini wiki nyingi, nimefunga duka, nimemkosesha polisi wa watu laptopu yake, na yeye alikuwa anaomba zishindwe. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Kisha nikaitazama mikono yake, jinsi vidole vilivyopasuka kwa baridi na majani ya napia, na ile hasira ikakosa pa kukaa. Hakuwa ameniomba nizitengeneze. Alikuwa ameniambia tu kwamba zimekataa, na mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

"Na ng'ombe anakamuliwa saa ngapi?" nikauliza.

"Saa kumi. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nilirudi ndani. Mama alikuwa amefumba macho, sindano mkononi, kidevu kifuani. Nikakichukua kile kitambaa kochini, nikakikunjua, nikakitandaza mezani upande wake wa kijani ukitazama juu, nikanyoosha kingo zake zilizopinda. Juu yake nikaiweka laptopu. Nikaisukuma katikati kabisa, mahali sufu ilipo nene. Nikawasha kipimo cha kampuni.

Dada aliingia akanawa mikono, akaja akasimama nyuma yangu. Aliiona mashine. Akakiona kitambaa kiko wapi. Tulisimama hapo tukitazama ule mstari unaosogea kwenye skrini, feni ikipiga kelele, mpaka kampuni ikatoa jibu lake kabla ya saa sita, kwa lugha ya adabu sana.

"Imekataa, mama," dada akasema kwa sauti. "Kazi yangu imeisha."

Mama akafumbua macho. "Pole, maitu," akasema. "Njoo ukae."

Aliondoka wiki hiyo hiyo. Dada yetu wa Gakindu alilalamika kwenye simu kwamba mashine za siku hizi hazina maana, nami nikakubaliana naye. Jirani huja asubuhi kumwosha mama, kazi hiyo hainifai mimi mwanamume, na mengine yote nafanya mimi. Ng'ombe amenipiga teke mara kadhaa na maziwa yamepungua. Dukani naenda siku za soko tu. Siku nyingine wateja wananitumia mashine zao Tetu, nami nazipima pale kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya saruji, nikikatizwa mara kwa mara kwa sababu mama anataka maji, au anataka kwenda nje, au anataka tu kujua ni nani anayepita barabarani. Alama nazitoa zikiwa zimechelewa. Jioni mgongo unauma kuliko ulivyouma nikiwa mjini, na kuna siku namchukia kila mtu aliyeko Nairobi, halafu dada anapiga simu na nasikia sauti yake imerudi kuwa na maneno mengi.

Jumatatu moja nilikuwa napima laptopu ya mwalimu fulani. Ilikuwa inaanza kupata joto, ikipunguza mwendo, nami naifungua ili nisafishe feni. Mama alikuwa anafuma kitu kipya, cha duara, sijui cha nini. Akaniuliza kama mashine ya maitu ilipona.

"Haikupona, mama. Ilikataa kabisa."

Akavuta uzi, akahesabu vifundo vyake kwa kidole gumba cha ule mkono mbovu.

"Ile mashine haikuwa na shida," akasema. "Maitu ndiye alikuwa amechoka. Ningemwambia aende, lakini angekataa." Alitafuta mahali sindano ilipofikia. "Nilikuona ukikirudisha kitambaa. Ulikinyoosha vizuri."

Kisha akaniomba chai.